Kiwavi Aliyeitwa Mwache

Daktari aliniwekea kiwavi kwenye kisahani cheupe, kama mtu anavyoletewa kitafunwa cha saa nne, akasema, "Huyu ndiye aliyebaki."

Nilimtazama. Mweusi, madoa ya njano ubavuni, kijipembe kimoja nyuma. Alikuwa amelala kwenye spiriti tangu msimu uliopita na bado ana sura ya mtu aliyekatizwa usingizi. Nilimjua. Sokoni kwetu hata mtoto anayejifunza kutembea anamjua.

"Mwache," nikasema.

"Mwache," Daktari akakubali, akavua miwani na kuisugua kwa pindo la koti lake.

Huyu Daktari hatibu mtu. Ukimpelekea kikohozi atakuuliza kina miguu mingapi. Ni daktari wa wadudu, na chumba chake chote ni wadudu: waliochomwa pini, waliokaushwa, waliomo kwenye chupa, na walio hai kwenye makopo yaliyofunikwa chandarua, wanakula majani usiku na mchana kama wageni wasio na haraka ya kuondoka. Alikuwa anatengeneza chati kubwa ya kubandika masokoni, shuleni na kwenye zahanati. Kila mdudu anayeokotwa sehemu zetu awe na picha yake, na chini ya picha pawe na maneno: analiwa au haliwi, na kwa nini.

Picha alikuwa nazo. Maneno aliyafuata kwa mama yangu.

Mama alikuwa mchambuzi. Waokotaji wanaleta magunia kutoka porini, kila kitu humo kimechanganyika, na mchambuzi anayamwaga kwenye turubai na kutenga: hawa wa kuuza, hawa wa kutupa. Kosea mara moja tu na mteja wako analala zahanati. Mama alichambua tangu kabla sijazaliwa, na hakuna mtu aliyelala zahanati kwa ajili yake.

Wawili hao walifanya kazi kwa namna ambayo ningelipa kiingilio kuitazama. Ukimwonyesha Mama kiwavi, swali lake la kwanza lilikuwa, "Mti gani?" Halafu anamnusa. Halafu anamminya tumbo kama dawa ya meno na kutazama rangi iliyobaki kidoleni. Kichwa wala hakitazami. Daktari yeye anaanzia kichwani, anahesabu vinyweleo chini ya hadubini, na akishindwa anamfuga kwenye kopo mpaka ageuke nondo, maana kiwavi ni mtoto, anasema, na ukitaka kujua ukoo wa mtoto msubiri akue. Kwa kifupi, Mama alimtambua kiwavi kama unavyomtambua jirani, kwa anapokaa na anachokula. Daktari alimtambua kama polisi, kwa alama za mwilini.

Na walisahihishana bila kununiana. Kuna wawili ambao Mama aliwaita majina tofauti miaka yote, mmoja mwembamba wa kijani, mwingine mnene wa kahawia, na Daktari akawafuga mpaka ikaonekana ni yuleyule kabla na baada ya kujivua ngozi. Mama alicheka mpaka akashika mbavu. "Kumbe nimekuwa nikigombanisha mtoto na utu uzima wake." Na kuna mwingine Daktari alishamwandika kuwa salama, Mama akamuuliza mti, akatikisa kichwa, akasema mti ule hata mbuzi anaupita pembeni. Daktari akampeleka kupimwa, ikawa kweli.

Utaratibu wao ulikuwa huo: mpaka mkono na hadubini vikubaliane ndipo mdudu aingie kwenye chati. Wakipishana, mdudu anawekwa rafu ya juu kungoja vipimo. Mama aliiita rafu hiyo mahabusu. Wote walishatoka, ama kwa heri ama kwa shari, isipokuwa huyu mmoja wa madoa ya njano. Kwa huyu Mama hakunusa wala kuminya. Hakuuliza mti. Alisema neno moja tu, jina lake, na ukimwuliza kwa nini anaendelea kuchambua kama hajasikia.

Halafu Mama akafa. Presha. Alikaa chini pembeni ya turubai lake asubuhi moja, akaegemea gunia, na waliokuwa karibu walidhani anapumzika.

Hiyo ndiyo habari yenyewe, na nimeisema hivyo kwa watu wengi kiasi kwamba sasa inatoka kama tangazo la kupotea kwa kitambulisho. Sijalia. Msibani mashangazi walinikagua macho kama wanaotafuta mawe kwenye mchele, hawakukuta kitu. Nilipika, nikaosha vyombo, nikawatania wachimba kaburi. Wananiita Redio, na redio haizimi kwa sababu mwenye nyumba amefariki. Utani unatoka wenyewe, kama bomba lisilofungwa sawasawa. Baada ya hapo nikakaa kwenye turubai la Mama, kwa sababu lilikuwa pale na mimi nilikuwa nimemaliza shule na sina pa kukaa pengine.

"Majibu yametoka," Daktari akasema. "Wakemia wamemsaga, wamempima kila sumu wanayoijua. Wamewalisha panya."

"Panya wamesemaje?"

"Wamenenepa." Hakucheka. "Hana kitu, mdogo wangu. Ana mafuta mengi kuliko hata afande."

Afande ni yule kiwavi mwenye mistari myekundu mabegani, ndiye ghali kuliko wote sokoni.

"Na huyu anatoka miezi ambayo ghala ni tupu," akaendelea. "Uzio wa watu umejaa yeye, na watu wanamfagia wanamchoma moto. Unaelewa ninachosema?"

Nilielewa. Msimu ule, kila nyumba tunalala tukiwa tumepunguza mlo.

"Basi mwandike analiwa," nikasema.

"Siwezi." Akakivuta kile kisahani karibu yake. "Watu hawaachi chakula bure. Mama yako hakuwahi kusema neno mbele yangu bila sababu. Labda kuna mti mmoja ambao akiula anageuka sumu, nami sikuupima. Nikiandika analiwa na mtoto mmoja akadhurika, chati nzima ni takataka. Nipe sababu yake. Kama ni ya mti, namrudisha mahabusu msimu mwingine. Kama si ya mti, namtoa."

Siri ya mtungi aijuaye kata, na kata ya nyumba yetu nilikuwa mimi. Sababu niliijua. Nilikuwa na kaka, aliyenitangulia, ambaye sikumkuta. Alikuwa na miaka mitatu. Siku moja alikuwa na Mama kwenye uzio akiokota hao wenye madoa ya njano, enzi hizo watu wakiwala, akatia mmoja mdomoni, na mwingine. Usiku wake akafariki. Mama aliniambia hivyo mara moja, nikiwa mdogo, nilipomletea mmoja kiganjani kama zawadi. Akampangusa kutoka mkononi mwangu, akamkanyaga kwa kisigino, akazungusha. Toka hapo sikuuliza.

Kwa hiyo kile kisahani kilikuwa kinaniambia kwamba kaka yangu hakuuawa na kile tulichosema kimemuua.

"Nitauliza nyumbani," nikasema.

"Uliza. Chati inakwenda kuchapwa wiki ijayo."

Nilipita sokoni kwanza, kwa kuwa turubai nilikuwa nimemwachia Mama Mizani. Tunamwita hivyo kwa sababu ana mizani pekee isiyodanganya upande ule, ingawa yeye mwenyewe anadanganya akitaka. Alikuwa amekaa kwenye ndoo yangu, anauza mali yangu, anakula faida yangu kwa kuonja.

"Redio, umerudi. Nilidhani umeolewa huko."

"Wamenikataa, wamesema nina miguu michache."

Nilimweleza majibu ya Mwache. Si ya kaka, ya panya tu. Alisikiliza huku vidole vyake vikiendelea kutenga.

"Ngoja nikwambie kitu, mwanangu," akasema. "Hao wanawake wanaokuja hapa hawanunui wadudu. Wananunua neno la mama yako. Wewe unauza kwa neno lake mpaka hivi leo, yeye yuko chini ya udongo. Ukisimama useme kwa huyu alikosea, watauliza alikosea kwa wangapi."

"Na nisiposema?"

"Usiposema, watu wataendelea kufagia." Akarusha mmoja nyuma ya bega bila kugeuka. Mwenye madoa ya njano. Mkono wake ulifanya vilevile kama wa Mama, kiwiko hakisogei. Soko zima linarusha vile. "Mwaka ule mbaya mimi nilifagia ndoo nzima asubuhi, na mchana wanangu wakanywa maji ya chumvi. Nilifagia kwa sababu mama yako alisema."

"Ulimlaumu?"

"Nimlaumu kwa lipi? Nilijua analijua jambo." Ndipo akanyanyua uso. "Alilijua, si ndiyo?"

Nikamwambia achukue ndoo yake, hii ni yangu, na asogee. Akasogea. Nikauza mpaka jua likalegea. Wateja wawili waliniuliza, "Umetenga kama mama?" Nikasema ndiyo. Nilikuwa nimetenga kama mama.

Baba ni fundi wa feni. Chumba cha mbele cha nyumba yetu ni karakana, feni zimening'inia na nyingine zimelala chali bila mapanga, na yeye katikati yake na bisibisi. Tangu msiba amekuwa akitengeneza hata zile ambazo wenyewe walishazisusa. Ukiingia anakuita kwa kidevu.

"Shikamoo Baba."

"Marahaba. Shika hapa."

Nikashika. Alikuwa anasuka waya wa mota, mzunguko juu ya mzunguko, na mtu wa kushika ncha anahitajika. Nikaona ni wakati mzuri, kwa sababu hawezi kuondoka na hawezi kunitazama.

"Daktari wa wadudu amepata majibu ya Mwache."

Waya ukaendelea kuzunguka.

"Hana sumu, Baba. Hata kidogo. Wamempima kwa kila kitu."

"Mm."

"Sasa anataka kujua kwa nini Mama alimkataa. Nikimwambia ni kwa ajili ya kaka..." Sikujua sentensi inaishia wapi. Ni nadra kwangu. "Maana yake ni kwamba si kiwavi aliyemuua."

"Najua," Baba akasema.

"Unajua nini?"

"Najua si yeye. Legeza kidogo. Hapo." Akazungusha tena mara kadhaa. "Mtoto alikuwa na homa tangu juzi yake. Shingo ilikuwa haipindi. Tulimfikisha zahanati, tabibu akamshika shingo hivi, akatuambia ni homa ya uti wa mgongo. Akasema hata tungewahi, ile aliyoiona ilikuwa kali."

"Alikuambia wewe."

"Alituambia wote wawili. Mama yako alikuwa amembeba."

Nilishika ile ncha ya waya. Ilikuwa nyembamba, inakata kidogo kwenye kidole, na nilijua inakata kwa sababu niliona alama. Sikuisikia.

"Basi alijua," nikasema.

"Alijua kuliko mimi. Alimwuliza tabibu mara tatu, akajibiwa mara tatu. Tukarudi nyumbani. Kesho yake nikamkuta kwenye uzio anawakung'uta, anawakanyaga mmoja mmoja. Nikamwambia, mama watoto, umesikia tulivyoambiwa. Akasema nimesikia."

"Akasema nini tena?"

"Akasema, homa siioni. Hawa nawaona."

Feni moja pale juu ilikuwa inajizungusha taratibu kwa upepo wa mlangoni, panga moja likigonga waya wa kinga kila mzunguko. Baba alilitazama kama anayesikiliza ugonjwa wake.

"Na wewe ukanyamaza," nikasema. Haikuwa lawama. Nilikuwa naulizia tu, kama unavyoulizia bei.

"Angefanya nini na homa? Angeitupa wapi? Nikaona amepata kitu cha kutupa, nikamwacha atupe. Watu wakamwuliza sokoni, akasema huyu haliwi. Wakamwamini. Sikufikiria watamwamini kiasi kile." Akakata waya kwa koleo. "Baadaye nikafikiria. Lakini ilishakuwa imefika mbali."

"Mama Mizani alifagia ndoo nzima mwaka ule mbaya."

"Wengi walifagia."

Tukakaa. Kwa kawaida mimi ndiye wa kujaza pengo kama hilo, nina vichekesho vya akiba. Nilitafuta, nikakuta vipo, vimepangwa vizuri, lakini hakuna kilichotaka kutoka.

"Nimwambie nini Daktari, Baba? Nikisema Mama alikosea, soko litauliza alikosea kwa wangapi. Turubai lile ndilo linalotulisha, feni hizi zinatulisha Jumapili tu."

Akatabasamu upande mmoja. Ameshazoea feni zake kutukanwa.

"Hakukosea," akasema. "Mtu anayekosea ni yule asiyejua. Yeye alifiwa."

"Hilo ndilo niandike?"

"Wewe ndiye mchambuzi sasa." Akachukua mota nyingine. "Mimi siri hii nilikuwa namtunzia yeye. Sasa sijui namtunzia nani."

Kesho yake nilimweleza Daktari. Nilieleza kwa sauti ileile ya tangazo, kuanzia uzio mpaka tabibu mpaka kisigino. Yeye ndiye aliyetoa leso. Alifuta macho kwa haraka, kwa aibu, akaniuliza kama niko sawa, nikasema niko sawa, na kwa kadiri nilivyoweza kupima nilikuwa nasema kweli.

"Kwa hiyo si mti," akasema mwishowe.

"Si mti."

"Hapa kwenye sehemu ya kwa nini niandike nini? Naweza kuacha wazi. Naweza kuandika imani za watu, tunaandika hivyo mara nyingi."

"Usiandike imani. Mama hakuwa na imani na wadudu, alikuwa na kazi nao." Nikafikiri. Kufikiri niliweza. "Andika: Analiwa. Hana sumu. Watu waliacha kumla kwa ajili ya msiba."

"Msiba wa nani?"

"Wa mchambuzi. Jina lake usiweke. Watajua wenyewe."

Akaandika. Akanisomea. Nikamwambia aondoe neno moja alilokuwa ameliongeza, "inasemekana", maana haikuwa inasemekana. Akaliondoa. Kisha nikamwomba wale Mwache waliobaki hai kwenye kopo lake, kwa sababu walishapimwa na alikuwa na wa kutosha. Akanifungia kwenye mfuko wa karatasi pamoja na majani yao. Hakuniuliza nawapeleka wapi.

Kuna jambo ambalo wachambuzi hawalivunji, na kila mteja wa sokoni kwetu analijua: mchambuzi hauzi asichokila kwake. Mdudu mpya anapikwa kwanza nyumbani, wote wanakula, na siku inayofuata anapouliza mteja, "Kwenu mmekula?" unajibu ndiyo, na jicho lako lisipepese. Bila hivyo, hata chati ibandikwe mbinguni, hakuna atakayefungua pochi.

Kwa hiyo jioni ile niliwasha jiko. Niliwaminya mmoja mmoja, nikawaosha, nikawachemsha, nikamwaga maji, nikawarudisha kwenye sufuria na mafuta kidogo. Madoa ya njano yanapotea yakipata moto. Wakishakauka huwezi kuwatofautisha na wengine wowote. Nilisimama pale nikingoja mkono wangu ukatae, nikiwa tayari kuuheshimu kama utakataa. Haukukataa. Ulikoroga.

Baba alinawa, akakaa mezani. Niliweka sahani katikati. Hakuna aliyeomba dua ndefu wala kusema neno la maana. Nilichukua wa kwanza, kwa sababu kazi ni kazi, nikatafuna. Wanapasuka kidogo, halafu mafuta, halafu ladha kama ya karanga zilizosahaulika jikoni. Nilimeza. Nikangoja. Nilikuwa nimejiambia kwamba labda ni hapa ndipo kitakapokuja, hicho ambacho mashangazi walikuwa wanakitafuta machoni mwangu. Nikasikiliza kifuani kama mtu anayesikiliza mlango. Kimya.

Baba akachukua mmoja kwa vidole viwili. Alimtazama muda mrefu kuliko nilivyowahi kumwona akitazama chakula. Akatia mdomoni. Taya likaenda polepole, upande mmoja, kisha mwingine. Nilimwangalia uso wote, paji, midomo, mshipa wa shingo, na hakuna kilichobadilika.

Akameza.

"Chumvi haikutosha," akasema.

Nikamsogezea chumvi. Akanyunyiza sahani nzima, upande wake na wangu, akachukua mwingine.